Kidole cha Wamalwa na Chaneli Tatu

Amplifaya mpya ilipofika hotelini kwa Maingi pale Donholm, watu walikuja kuitazama jinsi wanavyokuja kumwona mtoto mchanga: polepole, mikono nyuma, kila mmoja akitafuta la kusifia. Maingi, mwenye hoteli, aliinunua Eastleigh, na tangu siku ile hakuwa na hadithi nyingine. Uagize chai, utasikia habari ya chaneli tatu. Ulalamike kwamba nyama imekaa motoni hadi ikawa kiatu, utajibiwa chaneli tatu.

Chaneli ya kwanza ilikuwa ya sauti safi, kila uzi unasikika peke yake. Ya pili ilikuwa na mkwaruzo kidogo, sauti ya mtu aliyeamka na mafua. Ya tatu ilikuwa moto mtupu, gitaa linanguruma hata ukiligusa kwa bahati mbaya. Chini kulikuwa na kibao cha kukanyaga, ili mpigaji ahame chaneli bila kuachia nyuzi. Maingi mwenyewe hakujua kupiga hata filimbi, lakini alikuwa na msimamo.

"Nimenunua tatu," alisema, "na nitasikia tatu. Sitaki hata moja ikae bure."

Wa kuipiga alikuwa Wamalwa, mpiga solo wa bendi ya Nyota za Kware, iliyotumbuiza hapo kila Jumamosi alasiri. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane, anakaa Kware orofa ya nne na mkewe Lenah, na siku za kazi yuko kiwandani akikanyaga mashine ya kutengeneza vifuniko vya sufuria. Kama hujawahi kukutana naye, usijali. Akikuona tu, atakuonyesha kidole chake.

Kidole chenyewe ni cha pete, mkono wa kushoto. Miaka kumi na moja iliyopita mashine ile ilikibana, na daktari akamwambia wazi kwamba hakitakunjika tena. Sasa mpiga gitaa bila kidole hicho ni nini? Wamalwa alikaa miezi mitatu kwenye kiti kimoja nyumbani, akitazama ukuta. Kilichomuuma zaidi ni wimbo mmoja, "Lenah Ngoja", aliomtungia mkewe wakati bado anamfuatafuata kule Kimilili. Katika wimbo huo gitaa huita jina la Lenah, na noti ya mwisho, ile ya juu inayomalizia jina, ilikuwa kazi ya kidole hicho na si kingine.

Mwezi wa nne alirudi kwenye bendi kwa huruma ya wenzake tu. Wakapiga "Lenah Ngoja". Alipofika mahali penyewe alifumba macho, akasukuma kidole huku akiomba, na ile noti ikalia. Ililia vizuri kabisa, mbele ya watu. Wamalwa alitokwa na machozi hadi akakosa ubeti wa tatu.

Kesho yake, Jumapili, alisimama kanisani akatoa ushuhuda, na kanisa likapiga kelele hadi wapangaji wa orofa ya chini wakagonga dari kwa fagio. Tangu hapo ushuhuda ule ulitolewa kila Januari. Pasta aliweka picha ya kidole kwenye bango la mkutano wa maombi, kidole peke yake, kikubwa kuliko uso wa pasta mwenyewe. Watu wachache walinong'ona kwamba muujiza umetokea mahali panapouzwa bia. Pasta akawajibu kwamba Mungu hachagui jengo.

Kulikuwa na jambo moja dogo tu. Nyumbani noti ile haikutoka. Wamalwa alipojifanyia mazoezi kitandani, gitaa bila waya, alipofika pale alisikia "tp", kama mtu aliyedondosha kifungo. Lakini hilo halikumsumbua. Alijiambia kwamba gitaa bila stima halitoi vyote, basi, akainama akaendelea. Mtu akitaka kuamini kitu hakosi sababu.

Kwenye bendi alikuwepo mpiga gitaa wa pili, Odongo. Kazi ya gitaa la pili katika muziki wa kwetu ni kusuka: solo likiuliza, la pili linajibu, likiacha nafasi, la pili linaingia. Odongo alisuka kimya kimya, mgongo kwa watu, na alikuwa na miaka arobaini na mitatu, ingawa Wamalwa alimwita kijana. Miaka yote wawili hao walichomeka magitaa yao kwenye spika moja kuukuu, ambayo karatasi yake ilipasuka zamani ikabandikwa kwa gundi na ukurasa wa daftari. Humo sauti zote mbili zilichanganyika zikatoka na mkoromo mmoja, na mashabiki wakauita mkoromo wa Wamalwa.

Odongo hakuwahi kukosa Jumamosi hata moja. Alikuja na malaria, alikuja siku mkewe amejifungua, na wakati mmoja alikuja na mguu kwenye plasta. "Hana maisha mengine huyo," Wamalwa alikuwa akisema, na wenzake walicheka.

Sasa mashine mpya ilipofika, ina tundu moja tu la gitaa, Wamalwa alipata wazo. Alimfuata Maingi kaunta. "Bosi, hii mashine ni kubwa. Magitaa mawili ni ya nini tena? Huyu kijana ananichafulia sauti. Niache peke yangu uone."

Maingi alipenda kusikia habari yoyote inayopunguza watu. Wakakubaliana hivi: Jumamosi atakuwa na wageni wake wa heshima, na Wamalwa atapiga "Lenah Ngoja" peke yake, chaneli zote tatu. Ikipendeza, Odongo aende nyumbani.

Odongo aliambiwa Jumatatu. Akauliza, "Mzee, una uhakika unataka kupiga peke yako?"

"Unaogopa nini?" Wamalwa akamwuliza.

"Siogopi kwa ajili yangu," Odongo alisema, na Wamalwa akaona ni kiburi.

Kuanzia Jumatano Wamalwa alichukua ruhusa ya siku tatu kiwandani kumzika mjomba ambaye tayari alikuwa amezikwa mara mbili. Alijifungia kwenye ukumbi wa hoteli asubuhi, viti vikiwa bado juu ya meza, yeye na mashine tu. Alianza na chaneli safi. Alishusha kitufe kilichoandikwa Gain, cha kuongeza ukali wa gitaa, hadi karibu na mwisho wa chini, akapandisha sauti kuu, akaweka besi, kati na juu sawasawa. Akapiga. Mungu wangu, ilikuwa safi kweli. Alisikia kucha yake ikigusa uzi, akasikia hata mkono wake wa shati ukikwaruza mbao. Akaingia "Lenah Ngoja" kwa raha, akafika kwenye jina.

Tp.

Alirudia. Tp. Alisema labda besi imezidi, akaipunguza. Tp, sasa nyembamba zaidi. Alipandisha sauti ya juu hadi glasi zikaanza kulia rafuni, na ile "tp" ikawa kali kama mtu anayebofya swichi. Alikanyaga kibao akaenda chaneli ya pili, akaongeza Gain hadi katikati. Mkwaruzo ulikuja mzuri, ukipiga kwa upole unapoa, ukikaza mkono unawaka, lakini mahali pale palibaki shimo, sasa shimo lenye mafua. Akaenda ya tatu, Gain hadi mwisho. Hapo kila kitu kilinguruma, na katikati ya ngurumo noti ya kabla yake ilijivuta ikafunika pengo. Kwa mbali ungeweza kusema kuna kitu.

"Hiyo ndiyo chaneli," Wamalwa alijiambia. Kisha akakumbuka kwamba Maingi atataka zote.

Alhamisi alifanya hivyo hivyo kutwa nzima. Alibadilisha nyuzi. Alibadilisha waya. Alisogeza mashine mbali na friji, akidhani friji inakula noti. Jioni alimwambia mpishi kwamba umeme wa Donholm si mzito kama wa zamani, na mpishi, aliyekuwa na shida zake, alikubali.

Ijumaa akampigia simu Hamse, aliyemuuzia Maingi ile mashine. Hamse ana duka la vyombo vya muziki Eastleigh, barabara ya kwanza, ghorofa ya tatu, na alikuja mwenyewe kwa sababu hapendi bidhaa yake isemwe vibaya. Alikuwa kijana mpole, shati limenyooshwa, mfukoni bisibisi moja.

"Mzee, shida iko wapi?"

"Mashine inakula noti moja."

Hamse aliinua kichwa. "Moja tu?"

"Moja. Zingine inatoa."

"Chaneli gani?"

"Zote."

Hamse hakucheka, na kwa hilo apewe heshima yake. Alirudisha vitufe vyote katikati, akashusha Gain, akachomoa akachomeka. Akaomba gitaa. Hakuwa mpigaji, alijua tu kujaribu vitu. Akauliza ni uzi gani, akaambiwa. Akauliza ni wapi, akaonyeshwa. Akaweka kidole chake kimoja hapo, akagusa uzi kwa ncha ya bisibisi, na noti ya mwisho ya jina la Lenah ikatoka, safi, ikajaa ukumbi wote, ikakaa hewani mpaka mpishi akatoa kichwa jikoni.

"Mashine haina neno, Mzee," Hamse alisema. "Ukiipa, inatoa." Alirudisha gitaa, na akauliza kwa sauti ya chini, "Kwenye spika ile ya zamani ulikuwa umechomeka peke yako?"

"Nilikuwa na kijana mmoja, Odongo. Anapiga la pili."

Hamse alitazama kidole, akatazama spika kuukuu iliyokuwa pembeni ya mlango wa jikoni, akatazama saa yake. "Nitakuwekea alama," alisema tu. Akabandika selotepu ndogo kando ya kila kitufe: hapa safi, hapa mkwaruzo, hapa moto, na akasawazisha sauti ili ukihama chaneli watu wasiruke vitini. Kisha akaaga.

Wamalwa alibaki amekasirika. Alimkasirikia Hamse kwa heshima yake, akamkasirikia Maingi kwa wageni wake. Ndani kabisa alikuwa ameshaelewa, na ndiyo maana hasira ilikuwa nyingi hivyo. Aliogopa. Kama kidole hakijapona, basi yeye ni nani? Ni mkanyaga mashine wa vifuniko, mzee, mwenye bango la uongo. Aliamua kwamba Jumamosi atakanyaga chaneli ya tatu mara moja na hatatoka huko.

Jumamosi wageni wa Maingi walijaa meza tatu za mbele. Odongo naye alikuja. Alikuwa na haki ya kutokuja, lakini alikaa mahali pake pa siku zote, kando ya mlango wa jikoni, amechomeka gitaa kwenye ile spika kuukuu. Wamalwa alipomwuliza anafanya nini, alisema amekuja kuchukua spika yake, ila anaingoja ipoe. Spika ilikuwa haijapigwa kwa wiki nzima.

Maingi alishika maikrofoni. Aliwasalimia wageni, akaeleza habari ya mashine kwa urefu, akafika kwa Wamalwa. "Na huyu ndiye yule wa kidole. Mungu alikiponya hapa hapa, katika hoteli yangu. Wamalwa, wainulie wakione."

Wamalwa aliinua. Wageni walipiga makofi, mama mmoja akapiga picha.

"Sasa," Maingi akasema, "kwanza chaneli safi. Wengine wote kimya. Nataka wasikie kila kitu."

Hapo hakuna pa kukimbilia. Wamalwa alikanyaga kibao, taa ya kijani ikawaka. Alianza "Lenah Ngoja", na lazima isemwe, mtu huyu alijua kupiga. Vidole vitatu vilivyobaki vilifanya kazi ya vinne, na ukumbi ulitulia. Sauti ilikuwa wazi hivi kwamba mtu angeweza kuhesabu nyuzi. Jina lilianza kuitwa. Alisukuma kidole, na kidole kikagonga uzi kama ubao.

Na noti ikalia.

Haikutoka kwenye mashine. Ilitoka kule jikoni, ikiwa na mkoromo na gundi na karatasi ya daftari, imepinda, ila mahali pake hasa. Wageni wa mbele waligeuza shingo. Wamalwa naye aligeuka, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja akitazama mkono wa Odongo akiwa katikati ya wimbo. Kidole cha Odongo kilikuwa bado juu ya uzi. Mwenyewe alikuwa anatazama sakafu, mtu anayejua kwamba leo anafukuzwa kazi na ambaye bado ameshindwa kuacha mwenzake aaibike.

Wamalwa aliacha kupiga.

"Kuna nini?" Maingi aliuliza. "Bado chaneli mbili."

Wamalwa alimwendea Odongo, gitaa likiburuta waya. "Tangu lini?" aliuliza chinichini.

"Tangu siku ile uliporudi, Mzee. Niliona kidole hakifiki, nikaipiga hiyo noti mimi. Nilitaka kukusaidia Jumamosi moja tu." Odongo alijipangusa jasho. "Jumapili ukatoa ushuhuda. Ningefanya nini? Na juma lililofuata kukawa na bango."

"Ndiyo maana hukosi."

"Ningekosaje? Siku ningekosa, Mungu angeonekana amebadilisha nia."

Wamalwa alisimama pale na alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia, na aibu ilimpanda hadi masikioni. Mtu ambaye yeye Wamalwa alimwita kijana, akamcheka, akaenda kaunta kumwuza kwa Maingi, ndiye aliyekuwa muujiza. Alirudi kwenye maikrofoni. Alikiinua kidole.

"Hiki hakijapona," alisema. "Kimekufa siku nyingi. Noti mnayonisifia ni ya Odongo, yule pale kwa mlango wa jikoni. Mimi sikujua. Lakini pia sikuwahi kuuliza."

Mama aliyepiga picha alitazama simu yake, kama anayejiuliza aifute au aiache. Maingi alikuna kidevu kwa muda mrefu. Aliangalia mashine, akaangalia wanaume wawili, na mtu angedhani anatafuta neno la hekima.

"Chaneli ni tatu," alisema mwishowe, "na nyinyi ni wawili. Ya tatu anachukua nani?"

Wamalwa alichomoa waya kwenye gitaa lake akampa Odongo, yeye mwenyewe akaenda kuchomeka lake kwenye spika kuukuu. Wakaanza upya, Odongo kwenye alama za Hamse, sauti safi, Wamalwa na mkoromo wake kule kando ya jikoni, akikanyaga maji ya kuoshea vyombo. Alipofika mahali pale hakusukuma kidole. Aliacha nafasi, na noti ikaingia, wazi, kila mtu akiona inatoka wapi. Wageni waliagiza nyama zaidi.

Wamalwa alifika Kware jua likiwa bado juu ya mapaa. Lenah alikuwa anapika chapati. Wamalwa alikaa kwenye kile kiti chake, akamweleza yote, tangu Hamse hadi maikrofoni, akingoja mshangao. Lenah aligeuza chapati.

"Nilijua, Baba Nekesa."

"Ulijua nini?"

"Hapa nyumbani hupigi na Odongo. Hiyo noti sijaisikia mkononi mwako miaka kumi na moja."

"Na kanisani ukasema amina. Kila Januari."

"Ulikaa miezi mitatu kwa hicho kiti ukitazama ukuta," Lenah alisema. "Siku ile ulirudi unalia kwa furaha. Ulitaka niseme nini? Na wimbo ni wangu. Ukifika pale huwa naumalizia mwenyewe."

"Unaumalizia wapi?"

"Hapa hapa jikoni, kwa mdomo. Husikii kwa sababu unainama, unatafuta stima."

Wamalwa akachukua gitaa, bila waya, bila chaneli, akaanza taratibu. Jina likaitwa. Alipofika mahali penyewe aliuondoa mkono kwenye nyuzi, akainua na kichwa, akangoja. Lenah, macho yakiwa kwenye chapati, akaiimba ile noti.

Ilikuwa chini kidogo ya mahali pake. Wamalwa, mtu wa kusahihisha watu maisha yake yote, alimwomba tu airudie.